Kindi na Mlango Uliokua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na mji uitwao Kwamchwa. Sogeeni karibu. Wewe mwenye muhogo, tafuna polepole, maana hadithi hii ina milango mingi, na ukikosa mmoja utachanganyikiwa kama walivyochanganyikiwa wenyewe.

Kwamchwa palikuwa na maktaba, ndani ya kichuguu kikubwa kilichohamwa. Mkutubi wake alikuwa Bi Korongo, mrefu, mwembamba, mwenye kusimama kwa mguu mmoja na kukutazama kwa jicho moja. Vitabu vilikuwa vichache, kila kimoja nakala moja tu. Hapo mwanzo wanyama walikuwa wakiazima na hawarudishi. Bi Korongo akawabembeleza, wapi. Akawafokea, wapi. Mwishowe akaweka desturi ambayo hamtaikuta mji mwingine wowote.

"Anayetaka kitabu," alisema, "ang'oe mlango wa nyumba yake auache hapa. Mwezi mpya ukiandama, arudishe kitabu, achukue mlango wake."

Desturi ikashika. Ukiona nyumba haina mlango, ulijua ndani mna kitabu, na jirani yeyote aliruhusiwa kuingia na kigoda chake, akae asomewe. Tangu hapo Bi Korongo hakumfuata mtu nyumbani kwake. Alisema baridi itawafuata kwa niaba yake, na kweli iliwafuata.

Sasa, palikuwa na Kindi. Mdogo, mwepesi, mkia mkubwa kuliko kazi zake. Kindi alipenda kusoma kuliko mtu yeyote mjini, lakini wageni hakuwapenda hata kidogo. Mara ya mwisho alipoazima kitabu, Nyati alikuja akapumua juu ya kurasa mpaka zikalowa. Fisi alicheka mahali pa kulia. Na karanga zake za akiba ziliisha zote, hata maganda hakuyaona.

"Safari hii," Kindi akajiambia, "nitasoma peke yangu, na mlango wangu nimeufunga."

Akaenda kwa Fisi. Mlango wa Fisi ulikuwa wa ngozi iliyowambwa kwenye fito, na pembeni chini palikuwa pametafunwa, kwa sababu Fisi akikosa chakula cha jioni hutafuna chochote kilicho karibu. Kindi akaufungua, akaufunga. Kwiii. Akaufungua tena. Kwiii.

"Ndugu yangu Fisi, mlango wako unalia hivi tangu lini?"

"Unalia?" Fisi akasikiliza. "Mimi nilidhani ni tumbo langu."

"Tumbo halina bawaba, ndugu yangu. Nipe niupeleke kwa Fundi Kigogota, ng'ambo ya mto. Mwezi ukiandama utakuwa tayari."

Fisi akashukuru; jirani asingekuja kwake na kigoda akidhani mna kitabu, maana Fisi hutafuna hata vigoda. Kindi akauburuta ule mlango, hrrr, hrrr, moja kwa moja mpaka maktaba.

Bi Korongo akautazama mlango kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. "Mlango huu ni mkubwa kuliko wewe."

"Nimeongeza nyumba, Bi Mkutubi. Unajua nilivyo na wageni wengi."

Bi Korongo, ambaye hakuwa na kawaida ya kutembelea watu, akauegemeza mlango ukutani, akampa kitabu alichokitaka. Kilikuwa hadithi ya jogoo mmoja aliyekataa kuwika, na mji wake wote ukawa unangoja asubuhi ambayo haiji.

Kindi akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango wake mwenyewe, ko, akasoma. Alicheka peke yake, alilia peke yake, alikula karanga zake peke yake. Raha iliyoje.

Lakini alipofika ukurasa wa mwisho, kabla ya kuufunua, moyo ukasita. Akiumaliza, kitabu kimekwisha. Je, jogoo atawika au hatawika? Alitaka sana kujua, na alitaka sana kutojua bado. Basi akarudi mwanzo. Akasoma tena mpaka ukurasa wa mwisho, akasita tena, akarudi mwanzo.

Mwezi mpya ukaandama, mwembamba, juu ya vichaka. Watoto wa Kwamchwa wakaushangilia. Kindi akauona kupitia tundu la ufunguo, akageuka upande wa pili.

"Siku moja zaidi haimuumizi mtu," akasema.

Kesho yake Fisi akaja. "Kindi, mwezi umeandama. Mlango wangu uko wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Angerudisha kitabu asubuhi ile, mngekuwa mmeshalala. Lakini hakukirudisha.

"Utakuwa tayari kesho kutwa," Kindi akamwambia. "Uufuate pale njia panda ya mtoni." Fisi alipoondoka, Kindi akakimbia kwa Nyati.

Nyati alikuwa na mlango mzuri wa mninga. Alikuwa na nguvu za kuvunja mti, na kitu kimoja tu alichokiogopa duniani: mchwa. Kindi akajificha nyuma ya mlango akakwaruza kwa kucha. Kr, kr, kr, kr.

"Mzee Nyati, unasikia?"

Nyati akatega sikio. Jasho likamtoka puani. "Ni hao?"

"Ndio hao. Wako katikati. Uubebe mpaka njia panda ya mtoni, uuache pale. Vijana wa Fundi Kigogota wataupitia."

Nyati akaung'oa mlango wake mwenyewe, akaubeba mwenyewe mgongoni, akauacha njia panda mwenyewe, akarudi nyumbani anajikuna. Kindi hakutoa hata tone la jasho. Siku ya miadi Fisi akaja njia panda, akaukuta.

"Kindi, mlango wangu ulikuwa wa ngozi. Huu ni wa mbao."

"Ngozi imo ndani. Mbao ni koti."

"Na mbona ni mkubwa?"

"Umekua."

"Mlango hukua?"

"Ukiangaliwa vizuri. Wewe uliwahi kuupaka mafuta hata siku moja?"

Fisi akafikiri, akaona haya. Kweli hakuwahi. Akaubeba nyumbani, akajaribu kuupachika, haukuenea. Akaurudisha nyuma, akautazama, akaitazama nyumba. Hakuweza kujua kama mlango umekua au nyumba imesinyaa. Mwishowe akachukua jembe akabomoa ukuta huku na huku mpaka mlango ukaenea. Jioni akaonja pembe ya chini kidogo, apate ladha ya ngozi iliyomo ndani. Haikuwa na ladha yoyote.

Mnafuata? Mlango wa Fisi uko maktaba. Mlango wa Nyati uko kwa Fisi. Na Nyati hana mlango, anaulizia wake.

Kindi akashika kichwa. Lakini akasema, acha nimalizie sehemu ile ya jogoo na mwezi, halafu nitarudisha. Akaimalizia. Ilikuwa tamu, akaimalizia mara ya pili. Kisha akaenda kwa Ndovu.

Nyumba ya Ndovu iliegemea mti uleule ambao shinani mwake alikaa Kindi, na Kindi aliyasikia yote ya humo. Siku hizo Mashavu, binti mdogo wa Ndovu, alikuwa na kifua. Usiku kucha ilikuwa kho, kho, kho, na mama yake akimkanda kwa majani ya moto. Mlango wao ulikuwa wa mvule, mnene, na Mama Ndovu alikuwa ameuchora maua kwa udongo mwekundu kabla mtoto hajazaliwa.

"Baba Mashavu," Kindi akasema, "nasikia mtoto anavyokohoa. Naona upepo unaingia chini ya mlango wenu. Fundi Kigogota anaweza kuongeza ubao hapo chini, usipite hata upepo wa kupuliza mshumaa. Uubebe mpaka njia panda ya mtoni. Kesho utarudi."

Ndovu hakuuliza hata swali moja. Mwenye mtoto anayekohoa haulizi. "Mungu akuweke, jirani," alisema, akaung'oa mlango.

Na mimi nawaambia wazi, katika mambo yote aliyoyafanya Kindi, hili sijawahi kumsamehe.

Nyati akaenda njia panda, akaukuta mlango wa mvule.

"Huu si mlango wangu."

"Ndio huohuo," Kindi akasema kutoka juu ya tawi. "Wale mchwa walikuwa wanauzuia usikue. Wametolewa, ukakua kwa pupa."

"Na haya maua?"

"Umechanua."

Nyati akauzunguka ule mlango mara nyingi. Mlango uliochanua hakuwahi kuuona, lakini alikuwa hajawahi kuona mambo mengi. Akaubeba. Haukuenea. Akaushambulia ukuta wake kwa pembe, gubu, gubu, nusu ya ukuta ikalala chini, mlango ukaenea.

Basi ikabaki nyumba ya Ndovu, wazi, na upepo unapita. Ndovu alikaa mlangoni amejigeuza yeye mwenyewe kuwa mlango, mgongo nje, uso ndani, ili baridi isimfikie mtoto. Lakini masikio yake yalipopepea, baridi ikapita. Kho, kho, kho.

Kesho yake walikuja majirani. Nyati na kigoda, Fisi na kigoda, Mama Ngiri na kigoda na kapu la ufuta.

"Hodi, Baba Mashavu. Tumekuja kusomewa."

"Kusomewa nini?"

"Kitabu."

"Mimi sina kitabu."

Wakatazamana. Nyati akasema kwa upole, "Lakini huna mlango."

"Mlango uko kwa fundi."

"Wangu ulikuwa kwa fundi," akasema Fisi, "ukarudi umekua. Huo ni ufundi. Wako haupo. Hiyo ni maktaba."

"Nawaambia sina kitabu. Mtoto anaumwa, nendeni nyumbani."

"Anasoma peke yake," Mama Ngiri akamnong'oneza Nyati, na sauti ya Mama Ngiri ya kunong'ona husikika ng'ambo ya mto. "Amekificha. Mtu mzima kama yule, ameiba kitabu cha watu."

Ndovu akasikia. Hajawahi kuitwa mwizi maisha yake yote, na sasa ameitwa mbele ya mkewe. Alitaka kukasirika, lakini alikuwa na usingizi, na mtoto alikuwa anakohoa, na alianza kujiuliza kama kweli hakuazima kitabu akasahau. Akatazama chini ya kitanda. Hakukuwa na kitu.

"Twendeni kwa Bi Korongo," akasema. "Yeye ndiye atakayesema kama ninacho au sinacho." Akampakia Mashavu mgongoni, amefunikwa shuka, na Mama Ndovu nyuma. Majirani wakafuata na vigoda vyao.

Njia ilipita mbele ya nyumba ya Nyati. Mama Ndovu akasimama ghafla.

"Baba Mashavu, yale ni maua yangu."

Ndovu akatazama. Akaenda akaugusa mlango kwa mkonga. "Mzee Nyati, huu ni mlango wangu."

"Ni wangu," Nyati akasema. "Umekua. Umechanua."

"Maua hayo nimeyachora kwa mkonga wangu," Mama Ndovu akasema. "Hili moja nililikosea, tazama, lina jani upande mmoja."

Nyati akalitazama lile ua lililokosewa. Kitu kikaanza kumtambaa kichwani, polepole. "Kama huu ni wenu, wangu uko wapi?"

Wakaendelea kutembea. Wakapita nyumba ya Fisi. Nyati akasimama, akanusa, akakwaruza ubao kwa ukwato.

"Huu hapa."

"Huo ni wangu," Fisi akasema. "Una ngozi ndani."

"Umeiona hiyo ngozi?"

"Sijaiona. Imo ndani."

"Fisi, huu ni mninga. Niliukata mwenyewe. Hapa nilijigonga pembe nikiupachika."

Fisi akakaa chini barabarani. "Sasa mimi sielewi. Mlango wangu ni wako, na wako ni wake, na wake haupo. Na mimi nimebomoa nyumba."

"Hata mimi nimebomoa," Nyati akasema, na machozi yakamlengalenga.

Walifika maktaba. Bi Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Kabla Ndovu hajafungua kinywa, Fisi akanyanyua pua. Akanusa. Akaenda mpaka ukutani, palipoegemezwa mlango wa ngozi, akatia meno pembeni chini, pale palipotafunwa. Meno yakaingia sawasawa kila moja mahali pake.

"Huu ndio wangu," akasema, akaukumbatia.

Bi Korongo akateremsha mguu wake wa pili. Hilo halikutokea mara nyingi. "Mlango huo ameuacha Kindi. Na kitabu changu kimepitiliza siku zake."

Wote wakageuka pamoja.

Nyumba ya Kindi ilikuwa imefungwa. Bi Korongo akagonga kwa mdomo. Ko, ko, ko. "Hodi, Kindi."

"Simo," ikajibu sauti.

"Kindi, lete kitabu."

"Kitabu gani, Bi Mkutubi? Nyumba isiyo na mlango ndiyo yenye kitabu, si desturi yako hiyo? Mimi mlango ninao, huo unaougonga. Hebu tazameni, ni nani hapo asiye na mlango?"

Na mtastaajabu, wanangu, wote wakageuka wakamtazama Ndovu. Nyati akamtazama. Fisi, na mlango wake mkononi, akamtazama. Desturi ni desturi, na vichwa vilikuwa vimechoka. Hata Ndovu mwenyewe alijitazama, na kwa mara ya pili siku ile akaona pengine ni kweli.

Hapo Mashavu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtoto aliyechoka kukohoa.

"Kindi," Ndovu akasema, wala hakupaza sauti. "Mimi nilikupa mlango kwa ajili ya huyu. Uliniambia kesho utarudi."

Ndani, Kindi alikuwa amekaa na kitabu magotini, ukurasa wa mwisho uko chini ya kidole chake. Mambo ya kusema alikuwa nayo bado, mengi, yamepangana vizuri ulimini. Lakini alikuwa akikisikia kikohozi kile siku zote, kupitia mlango wake uliofungwa, na kila alipokisikia alifunua ukurasa haraka ili asikisikie. Sasa alikuwa hana ukurasa wa kufunua ila ule mmoja. Akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono mdogo ukatoa kitabu.

Milango ikarudi kwa wenyewe siku ileile. Ule wa Ndovu ukapachikwa kwanza, ukaenea kama zamani, kwa kuwa Ndovu hakubomoa chochote. Joto likakaa ndani, na baada ya muda Mashavu akapona, akaanza kuwasumbua wazazi wake inavyotakiwa.

Lakini kwa Fisi na kwa Nyati, ole. Milango ilirudi midogo na kuta zimebomolewa kubwa. Ukipachika mlango wa Fisi kwenye tundu lile, ungepita pembeni na mzigo wa kuni. Bi Korongo akasema neno moja tu: kuta zitakandikwa upya, na udongo ataukanyaga Kindi.

Mmewahi kuona kindi akikanyaga udongo wa kukandika ukuta wa nyati? Vile vijiguu? Chwata, chwata, chwata, kutwa nzima, na mkia wote matope. Aliukanyaga kiangazi chote.

Na kile kitabu? Ndovu alikiazima. Mtoto amepona, jua linawaka, akaung'oa mlango wa maua akaupeleka maktaba kwa haki, na majirani wakaja na vigoda. Kindi alikuwa nje, anakanyaga udongo karibu na pale, na sauti nzito ya Ndovu ikamfikia neno kwa neno. Jogoo amekataa kuwika. Mji unangoja. Jogoo amepanda juu ya paa. Kindi alikuwa anayajua yote kwa moyo, midomo yake ikawa inayafuata.

Kisha akasikia karatasi ikifunuliwa. Ukurasa wa mwisho.

Kindi akaacha kukanyaga. Akasimama kwa vidole, masikio juu. Lakini mle ndani Mashavu alikuwa ameshalala magotini kwa mama yake, na Ndovu, ili asimwamshe, akausoma ukurasa ule kwa kunong'ona.

Kindi hakusikia kitu. Wageni wakaanza kutoka na vigoda vyao, polepole, nyuso zao zimetulia.

"Mzee Nyati, jogoo aliwika?"

"Nililala kidogo," Nyati akasema. "Nilipoamka walikuwa wanapiga makofi."

"Mama Ngiri, jogoo aliwika?"

Mama Ngiri akampita bila kumjibu, na Mama Ngiri kutojibu ni adhabu kubwa.

"Ndugu yangu Fisi, tafadhali. Aliwika au hakuwika?"

Fisi akasimama, akafikiri kwa bidii, uso wote umekunjamana. "Kuna mahali jogoo alifungua mdomo," akasema. "Halafu mimi nikacheka, nikakosa kusikia. Azima ukisome mwenyewe."

"Nitaazima lini?"

"Baada yetu sote. Bi Korongo amekuweka wa mwisho. Kanyaga, ukuta wangu unakauka."

Chwata, chwata, chwata.

Hadithi imeishia hapo, matope na yote. Kitabu cha kuazima kirudisheni siku yake, maana anayekingoja naye ana nyumba yake na mtoto wake.